Nyota Ngapi kwa Nyika? Uhakiki wa Kambi Moja ya Ziwani

Kuna aina moja ya uhakiki ambayo sisi watu wa fasihi hatuihesabu kabisa, na bado inasomwa kwa makini kuliko mengi tunayoandika. Ni yale maelezo mafupi ambayo wapiga kambi huandika kuhusu mahali walipolala. Mtu amepiga kafi siku nzima, amefika kwenye kipande cha mwamba kando ya ziwa, amesimamisha hema, amekula, amelala, ameondoka. Akifika nyumbani anaandika mistari sita na kutoa nyota: tatu, nne, tano. Mwaka unaofuata mtu mwingine, ambaye hawajuani hata kidogo, anaisoma mistari ile na kuamua atawalaza watoto wake wapi. Hebu niambie ni riwaya gani imewahi kupata msomaji mwenye haja kubwa hivyo.

Nataka kuyachukua maandishi haya kwa uzito wake, niyaulize maswali yale yale tunayouliza tahakiki ya kitabu. Wanapima nini hasa? Kipimo chenyewe kimetoka wapi? Na ni kitu gani kinachoanguka nje ya kipimo bila mtu kugundua?

Uwanja niliouchagua ni ule ambamo desturi hii imekomaa: Boundary Waters, kaskazini mashariki mwa jimbo la Minnesota, Marekani, pale mpakani na Kanada. Ni hifadhi ya ekari zipatazo milioni 1.1, yenye maziwa zaidi ya 1,000 yaliyochongwa na barafu ya zama za kale. Ukiwa ndani huna barabara, huna duka, na katika maziwa mengi injini ni marufuku. Unasafiri kwa mtumbwi. Ziwa likiisha, unashuka, unaugeuza mtumbwi juu chini, unaubeba mabegani na kuvuka msitu hadi ziwa linalofuata. Njia hizo za kubebea hupimwa kwa rodi, kipimo cha kale cha Waingereza cha kama mita 5, ambacho kinakaribiana na urefu wa mtumbwi wenyewe. Kundi moja haliruhusiwi kupita watu 9 na mitumbwi 4. Vyakula vya makopo na vinywaji vya chupa za glasi unaviacha nyumbani. Na huruhusiwi kulala popote unapotaka. Kuna kambi zipatazo 2,000 zilizotengwa, kila moja ikiwa na vitu viwili tu vilivyotengenezwa na binadamu: meko yenye wavu wa chuma, na choo.

Choo hicho nacho kinahitaji maelezo. Ni kiti chenye tundu, kimewekwa juu ya shimo, nyuma kidogo msituni. Ukuta hakina, paa hakina, mlango ndio usiulize. Binamu yangu, ambaye ameishi Brooklyn Park miaka mingi na anajua kila duka la unga katika mji ule, nilipomwonyesha picha alicheka hadi akakaa chini. "Ndugu yangu," akaniambia, "yaani nilitoka kijijini, nikavuka bahari, ndiyo nikalipie kurudi msalani kwa namna hii? Kwa hiari yangu?" Swali lake ni la haki, na nitalirudia. Wakenya wa Minnesota ni wengi, lakini kwenye mitumbwi hii hutuoni sana.

Sasa tuje kwa kipimo. Nimesoma maelezo ya wapiga kambi wengi wa huko, na mambo wanayotazama ni yale yale, karibu kwa mpangilio ule ule.

La kwanza ni mahali pa kushukia. Mitumbwi ya kisasa ya Kevlar ni myepesi, kama kilo 20 hivi, lakini ngozi yake huchubuka ovyo ikiburutwa juu ya mawe. Kambi yenye ufuo wa changarawe au jiwe bapa linaloingia majini taratibu inasifiwa. Ile inayokulazimisha kuruka kutoka mtumbwini hadi kwenye jiwe lenye utelezi, ukiwa na mzigo mgongoni, inapoteza nyota kabla hujafungua kamba.

La pili ni ardhi ya hema. Hii inaonekana rahisi mpaka mvua inyeshe. Udongo wa huko ni ngozi nyembamba juu ya granaiti. Mambo za hema haziingii, kwa hiyo unafunga kamba kwenye mawe na mizizi. Pahali palipobonyea panapendeza jioni kwa sababu pamejaa sindano laini za misonobari, lakini usiku wa manane panakuwa beseni. Mpiga kambi mzoefu haulizi tu kama ni tambarare. Anauliza maji yatakwenda wapi.

La tatu ni upepo, na hapa ndipo wanapogawanyika. Kambi iliyo kwenye rasi hupigwa na upepo, na upepo ndio dawa bora ya mbu. Mwezi wa Juni, mbu na wale inzi weusi wanaouma wanaweza kumtoa mtu machozi. Lakini upepo huo huo ukigeuka dhoruba, rasi inakuwa mahali pabaya kuliko pote. Kambi ya ndani ya ghuba imetulia, na kwa sababu hiyo hiyo imejaa mbu. Anayetoa nyota tano Septemba na anayetoa nyota mbili Juni wanaweza kuwa wanazungumza juu ya jiwe moja.

La nne ni mti wa kutundikia chakula. Dubu weusi wapo, na wanajua kwamba mahali pa meko pana vyakula. Kama huna chombo kigumu ambacho dubu hawezi kukifungua, unahitaji tawi la juu, lenye nguvu, lililojitenga na shina vya kutosha. Matawi ya namna hiyo ni machache kuliko unavyodhani.

La tano ni kuni, kwa maana unaruhusiwa kuokota tu zilizokufa na kuanguka, na waliokutangulia wamekwisha kuokota. La sita ni faragha: je, ukikaa kwenye meko unaona moto wa jirani? La saba, ambalo wote huliandika mwisho na ambalo nashuku ndilo linaloamua, ni machweo. Kambi inayotazama magharibi ina nyota moja ya bure.

Kipimo hiki si cha kubeza. Kimetengenezwa na watu waliolowa. Kila kipengele kina usiku fulani mbaya nyuma yake, na mhakiki anayeidharau orodha hii kwa kuwa ni ya starehe hajawahi kulala ndani ya maji na mtoto wa miaka sita. Lakini kipimo kizuri nacho kinaweza kuona nusu ya kitu. Ili nikijaribu, nilikipeleka kwenye kambi moja.

Kambi yenyewe iko kwenye ziwa liitwalo Lake Three, mashariki mwa mji mdogo wa Ely. Unaanzia Lake One. Unabeba mtumbwi mara mbili, rodi 30 na rodi 40, hata jasho halijakolea umeingia Lake Two, na kutoka hapo unapita kwa kafi tu hadi la tatu. Ni mojawapo ya njia zinazopitwa sana. Nililala hapo siku mbili, mwezi wa Agosti.

Kwa orodha ya wapiga kambi, hukumu ni hii. Kushukia: wastani, jiwe limeinama vizuri lakini lina utelezi upande wa kushoto. Ardhi ya hema: sehemu moja nzuri, ya pili ya kulazimisha. Upepo: wa kutosha, mbu wachache. Mti wa kutundikia chakula: hakuna. Kivuli: hakuna. Faragha: haipo, kwa sababu hakuna miti mikubwa ya kukuficha. Machweo: yapo, kwa sababu hiyo hiyo. Nyota mbili. Ukiwa mkarimu, mbili na nusu. Na kweli, maelezo niliyokuwa nimeyasoma kuhusu eneo lile yana neno moja linalojirudia kama kiitikio: limeungua.

Limeungua, ndiyo. Tarehe 18 Agosti 2011, radi ilipiga karibu na kijito cha Pagami. Moto ulikuwa mdogo, na wasimamizi wa msitu waliuacha uendelee chini ya uangalizi, kwa sababu msitu huu umezoeana na moto tangu zamani. Wiki zilipita. Kisha, tarehe 12 Septemba, upepo ukaubeba kama kilomita 25 kwa siku moja. Wafanyakazi kadhaa wa msitu waliokuwa majini kwenda kuwaondoa wasafiri walijikuta wamezingirwa, wakajiokoa kwa kujifunika vifuniko vya kuzuia moto. Hakufa mtu. Ulipokuja kuzimwa, ulikuwa umepita kwenye ekari zipatazo 92,000, na mwambao wa Lake Three ulikuwa ndani yake.

Basi mtu akiandika "limeungua" na kuondoa nyota tatu, amesema kweli. Ila amesema kana kwamba moto ni doa lililomwagika juu ya kitu kilichokuwa kimekamilika. Tazama kinachoota pale. Ni misonobari ya aina ambayo mbegu zake hukaa zimefungwa kwa utomvu ndani ya koni, mwaka hadi mwaka, zikingoja joto kali liyeyushe ule utomvu. Bila moto, nyingi hazifunguki. Misonobari iliyoizunguka kambi ile yote ina kimo kimoja, imebanana, kama darasa la watoto waliozaliwa mwaka mmoja. Chini yake, mahali ambapo jua sasa linafika hadi ardhini, kumejaa bluberi. Mwezi wa Agosti unakaa mahali pamoja, unanyoosha mkono, unakula mpaka vidole vinageuka zambarau. Katika orodha ya mambo saba, bluberi hazina pa kuandikwa. Wakati nao hauna pa kuandikwa.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza kwa nyota, nikiwa na maana ya kosa ninalowahesabia wao: zinaihukumu kambi kama chumba cha hoteli. Chumba kinatakiwa kiwe vile kilivyokuwa jana. Msitu una umri. Tarehe 4 Julai 1999 dhoruba moja iliangusha mamilioni ya miti katika hifadhi hii, na kambi zilizokuwa na vivuli vya kusifika asubuhi hazikuwa nazo jioni. Maelezo yote mazuri yaliyoandikwa juu yake yaligeuka historia kwa alasiri moja. Mhakiki wa mahali pa namna hii asiyetaja mwaka na msimu ametuandikia nusu ya sentensi.

La pili ni zito zaidi. Kitabu hakichakai kwa kusifiwa. Nikikisifu na watu elfu wakakisoma, kurasa zake ni zile zile. Kambi iliyosifiwa inachakaa. Nyota tano zinaleta mahema, mahema yanaleta nyayo, nyayo zinaondoa ule udongo mwembamba mpaka mizizi inabaki juu kama mishipa ya mkono wa mzee. Kuni za karibu zinakwisha, watu wanaingia ndani zaidi, vijia vinaongezeka, na siku moja mtu asiye na haya anakata mti mbichi. Nimeona kambi za nyota tano ambazo sasa ni uwanja wa vumbi wenye mandhari nzuri. Kwa hiyo anayeandika hapa ana jukumu ambalo mimi na mhakiki mwenzangu wa vitabu hatuna: sifa yake ni uzito unaowekwa juu ya ardhi. Hapo lazima mtu ajiulize kabla ya kuandika "bora kuliko zote" na kuambatanisha ramani.

Ng'ambo ya mpaka, Ontario, iko hifadhi ya Quetico, ambako kambi hazina wavu wa chuma wala kiti cha choo. Unachimba shimo lako, unafukia. Wapiga kambi wengi wanaopenda Quetico hupenda hasa kwa sababu hiyo, na wanaona wavu wa chuma kama udanganyifu. Sikubaliani nao moja kwa moja. Wavu umewekwa ili moto uwe mahali pamoja badala ya mahali ishirini, na choo kimewekwa ili maji ya ziwa yanyweke. Ni vitu vinavyokiri kwamba watu wanakuja, na kwamba ni wengi. Mimi napendelea mahali panapokiri.

Na hapo tunafika kwenye jambo la tatu, ambalo ndilo lililonifanya niandike haya kwa Kiswahili. Sheria ya Marekani ya 1964 inaieleza nyika kama mahali ambapo binadamu ni mgeni, anapita, habaki. Sheria mahsusi ya Boundary Waters ya 1978 ikakaza zaidi. Ni sheria zilizookoa mambo mengi, na bila hizo ningelala kando ya maegesho ya magari. Lakini hebu lipime lile neno. Sisi tunalo letu: nyika. Na watu wa pwani yetu wanajua neno hilo lilivyotumika. Waliokaa nyuma ya miji ya pwani waliitwa Wanyika, watu wa porini, kana kwamba walikuwa sehemu ya vichaka. Kumbe ndani ya misitu ile walikuwa na kaya zao, zenye malango, makaburi na mabaraza ya wazee. Walilikataa jina lile, wakasimama na lao, Mijikenda. Leo misitu ya kaya imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2008. Kwa hiyo Mkenya akiambiwa "hapa ni nyika, hapana mtu," sikio lake linapaswa kusimama. Hapana mtu tangu lini?

Katika Boundary Waters jibu linajulikana. Ni nchi ya Waojibwe, wanaojiita Anishinaabe. Mtumbwi wenyewe, umbo lake, wepesi wake, wazo la kuubeba kutoka ziwa hadi ziwa, ni elimu ya watu wa misitu hii, waliotengeneza yao kwa magome ya miti. Njia tunazopita na rodi zetu walikwisha kuzipita. Kwa mkataba wa 1854 waliitoa ardhi hii lakini wakabakiza haki ya kuwinda na kuvua ndani yake, na haki hiyo iko hai hadi leo. Katika miamba ya baadhi ya maziwa bado ipo michoro yao myekundu. Hata walowezi waliokuja baadaye waliondolewa. Dorothy Molter, muuguzi aliyeishi kwenye visiwa vya Knife Lake na kuwauzia wapita mitumbwi soda aliyoitengeneza mwenyewe, aliruhusiwa kubaki mpaka alipofariki mwaka 1986, na nyumba zake zikahamishiwa mjini Ely kuwa makumbusho. Nyika hii ilitengenezwa kwa sheria, kwa mikataba na kwa kubomoa. Mwandishi anayesema "hakujaguswa na mtu" anakosea ukweli, hata kama machweo yake ni mazuri.

Si mambo ya Marekani peke yake. Ukingo wa Ziwa Bogoria kwetu ni mahali pazuri mno pa kupiga kambi, na wageni wanaandika hivyo. Lakini Waendorois waliondolewa hapo katika miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama, na mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa kuwa walidhulumiwa. Maelezo ya kambi ya Bogoria yanayotaja heroe na chemchemi za maji moto, yakaacha hilo, yamepungukiwa na kitu kikubwa kuliko kivuli.

Najua nitakachoambiwa. Kwamba mtu aliyechoka, mwenye watoto, mvua ikitanda, hataki somo la historia. Anataka kujua hema litakaa wapi. Nakubali kabisa, na ningependa sehemu ile ya maelezo iwe kali kuliko ilivyo. Kwa mfano, katika eneo lililoungua, swali la kwanza kabla ya machweo na kabla ya kuni ni miti iliyokufa imesimama. Inaoza mizizi polepole, kisha siku ya upepo inaanguka bila kutoa ilani. Kambi yenye mti wa namna hiyo unaoweza kulifikia hema haistahili nyota mbili wala tano. Haifai, basi. Hilo ni jambo la ndiyo au hapana, na ninashangaa jinsi linavyochanganywa na mambo ya ladha katika hesabu moja, kana kwamba mandhari nzuri yanaweza kulipia mti unaoweza kukuua.

Ninachodai, basi, ni kutenganisha. Usalama uandikwe wazi, kwa tarehe. Starehe ielezwe bila nyota, maana aipendaye rasi na aipendaye ghuba hawatakubaliana kamwe. Ladha iachiwe nafasi ya kujieleza kwa sentensi kamili. Na mahali papewe jina lake na watu wake. Si lazima iwe ndefu. Mimi kambi yangu ya Lake Three ningeiandika hivi:

"Agosti. Eneo liliungua 2011. Kabla ya kufungua mizigo, tazama juu: nyuma ya choo kuna vigogo viwili vilivyokufa vimesimama, weka hema upande wa ziwa. Hema moja linakaa vizuri, la pili kwa shida. Hakuna tawi la kutundikia chakula, njoo na chombo kigumu. Hakuna kivuli, lete kofia na turubai. Upepo unafukuza mbu. Bluberi ni nyingi, okota za kukutosha. Misonobari midogo ndiyo kwanza inarudi, usipitishe kijia kipya katikati yake. Osha vyombo mbali na maji, mita 45 au zaidi. Uko katika nchi ya Waojibwe."

Swali la binamu yangu linabaki: kwa nini mtu alipie kulala msituni kwa hiari? Nadhani nyota zimetufanya tumjibu vibaya, kwa kumwahidi starehe ambayo angeipata kwa urahisi zaidi sebuleni kwake. Kambi ile haimpi starehe. Inampa nafasi ya kuona msitu ukiwa na umri wa kijana, jambo ambalo akichelewa hataliona, kwa maana miti ikikua mikubwa, kivuli kitarudi, bluberi zitapungua, na wapiga kambi wataanza kuiandikia nyota tano. Ushauri wangu kwake, na kwa yeyote anayeishi saa chache kutoka hapo: nenda kabla ya hapo. Na ukirudi, uandike. Kwa Kiswahili pia, tafadhali, maana nyika hatuijui kwa Kiingereza pekee.